Fundi wa Robo

Sauti ninayoikumbuka si ule mlio wenyewe. Mlio kila mtu wa Kisenyi, mtaa wetu wa Kampala, anaukumbuka. Mimi nakumbuka sauti iliyoutangulia: fyuuu, ndefu na nyembamba, kama mtu anayevuta chai ya moto kwa midomo. Gari lilikuwa linavuta hewa. Halafu kimya, kimya cha kuhesabu moja tu. Halafu ndiyo pa! pa-pa! na uchochoro mzima umelala chini.

Naanza na sauti kwa sababu nikimfikiria Fundi, masikio yangu humkumbuka kabla ya macho. Naye angefurahi kusikia hivyo, maana macho aliyadharau. "Macho ni ya kutafutia viatu," alikuwa akisema. Jina lake sitaliandika. Lilikuwepo, na nililijua baadaye, lakini halimfai. Uchochoro wetu ulikuwa na mafundi wengi na kila mmoja aliitwa kwa jina lake, isipokuwa yeye. Ukisema "Fundi" bila kuongeza kitu, watu walikuonyesha kibanda chake.

Mimi na Ssenga, yaani dada yake baba, tulikuwa na kibanda kilichotazamana na chake, tukishona viti vya magari. Nilikuwa nimeishia darasa la saba, nina cherehani ya kukanyaga na ndoto nyingi kuliko uzi. Kila kiti nilichokimaliza nilikikalia kwanza mimi, nikafumba macho, nikaendesha mpaka Mombasa. Ssenga alinipiga kofi la mgongo. "Shuka, nnyabo, bibiye, umefika."

Lakini mwaka ninaotaka kuueleza sikuendesha kwenda popote. Kaka yangu Juma, dereva wa gari la mikate, alikuwa amechukuliwa na wanajeshi kwenye kizuizi cha barabara, na hatukujua kama ni mzima. Miaka ile ya utawala wa jeshi, mtu akichukuliwa hukuthubutu kwenda kuuliza, maana muulizaji naye alibaki hukohuko. Tulinyamaza, tukashona. Kwa hiyo nitasema habari za Fundi, na mengine yatachekesha kidogo, lakini mjue kwamba nyuma ya kila ninachosema yupo Juma.

Fundi hakumsalimu mtu kabla ya kulisalimu gari. Ulifika, ukasema, "Asalaam aleikum, Fundi," naye aliinua kidole kimoja, kichwa ameinamisha upande, anasikiliza injini. Ukiwa mgeni ulidhani ana kiburi. Halafu alishusha kidole. "Aleikum salaam. Plagi ya tatu." Na ilikuwa ya tatu kweli.

Alikuwa akifunga boneti kwa viganja viwili, taratibu, kama mtu anayefunika sufuria ya wali. Aliwakataza mafundi wengine kuzibamiza. "Watu wamechoka kushtuka," aliwaambia. Huyuhuyu ndiye aliyekuwa na chafya ya kuangusha spana kutoka mezani, tena hakuziba mdomo.

Aliswali kila swala kwa wakati wake, na kati ya swala na swala alitukana boliti. Alizitukana kwa Kiswahili, kwa Luganda, na kwa Kihindi alichokipata kwa mabwana zake wa zamani kabla hawajafukuzwa nchini. Kwa Kiarabu hakutukana hata siku moja. Nilimuuliza kwa nini. Akaniangalia kama nimeuliza kwa nini haoshi mikono kwa supu. "Ile lugha ina kazi yake, mwanangu."

Askari hakuwaogopa, au hakuonyesha. Alichoogopa ni kuku. Kuku wa jirani akiingia chini ya gari, Fundi alitoka upesi, akasimama barabarani na spana mkononi, akaniita. "Nnyabo! Njoo umtoe mtu wako!" Nikamtoa. Akarudi chini ya gari bila aibu yoyote, akaendelea na kazi.

Siku moja alisimamisha harusi. Msafara ulikuwa unapita na maua ya karatasi, na gari la bibi harusi lilipofika mbele yetu Fundi akatoka, akasimama katikati ya njia, akainua mkono kama askari wa barabarani. Mjomba wa bibi harusi alishuka akifoka.

"Ssebo, bwana, wewe ni nani unasimamisha harusi ya watu?"

"Zima gari."

"Nasema wewe ni nani?"

"Zima gari kwanza, halafu nitakuwa mtu yeyote unayemtaka."

Bomba la petroli lilikuwa limelegea, linadondosha juu ya bomba la moshi. Mjomba alipoona alikaa chini pale pale na suti yake. Fundi alikata kipande cha mpira kutoka kwenye kiti nilichokuwa nashona, bila kuniomba, akalifunga lile bomba, akawapungia mkono waende. Kesho yake ililetwa sinia ya pilau. Alisema chumvi imezidi, akaila yote.

Je, alikuwa mkweli? Hapo ndipo nachanganyikiwa. Kuhusu injini hakudanganya kamwe. Kuhusu mambo mengine alidanganya bila hata kubadilisha sauti. Aliwahi kuja mtu wa magendo, mmoja wa wale waliovusha kahawa mpakani, anataka gari lake leo hii. Gari lilikuwa limekwisha tengenezwa, nililiona mimi. Fundi akamwambia, "Injini hii lazima ilale siku mbili, chuma kipoe ndani." Mtu akaondoka akilalamika. Nikamuuliza, akasema, "Umeyaona macho yake? Hajalala wiki nzima. Angekanyaga mtoto wa watu." Nikampenda sana siku ile. Lakini Ssenga alicheka mpaka akajishika mbavu. "Mjinga wewe! Fundi alitaka redio ya lile gari asikilize mpira." Na kweli, kwa siku mbili alikaa ndani yake akisikiliza mpira. Sasa niambieni mnamwita nani mtu kama huyo.

Neno lake kubwa lilikuwa robo. Kila skrubu aliizungusha robo ya mzunguko, akasimama, akasikiliza. "Robo tu. Mwenye haraka anaharibu uzi wa skrubu." Chai alikunywa robo kikombe, akaongezewa robo nyingine. Hata ushauri alitoa kwa robo. Nilimwambia ndoto yangu ya kuendesha mpaka Mombasa, nikategemea acheke au anibariki. Akasema, "Anza na Kawempe hapa jirani."

Vipimo vya kweli havikuwepo tena. Maduka ya vipuri yalikuwa yamefungwa au yamegawiwa watu waliouza vipuri kama wanauza nyanya. Kwa hiyo alijitengenezea. Kwa magari ambayo petroli husukumwa na pampu ya umeme, bila kabureta, alikata kipande cha bomba, akachomelea valvu ya tairi, akalipachika kwenye njia ya petroli, kisha akapima presha kwa geji ileile ya kupimia upepo wa matairi. Mafundi wengine walimcheka. "Fundi anajaza petroli upepo!" Yeye akajibu kwamba pauni ni pauni, haijui iko ndani ya nini.

Basi, siku moja ndipo ikaja fyuuu, halafu kimya, halafu pa!

Ssenga alikuwa chini ya meza kabla sijageuka. Mimi nililala juu ya kiti nilichokuwa nashona, sindano imenichoma kiganja. Uchochoro wote chini. Fundi peke yake amesimama, ameinua kidole, anasikiliza.

Lilikuwa gari jeusi la Kijerumani, na aliyeshuka alikuwa mwanajeshi mnene, mwenye cheo ambacho sikuweza kukisoma. Jasho lilikuwa likimtoka. Alitutazama tulivyolala, akacheka, lakini kicheko hakikufika machoni.

"Amka, amka! Hapana kufa. Ni gari tu inakohoa."

Fundi akashusha kidole. "Karibu, Afande. Nani amefungua sanduku lake la hewa?"

"Mimi mwenyewe. Naweka kitu ya ng'ambo." Akafungua boneti kwa fahari. Pale palipokuwa sanduku la chujio palikaa kidude cha duara kinachong'aa kama kikombe cha mashindano, kina matundu pande zote. "Mzungu moja alisema na hii gari itakimbia kama swala."

"Na lile sanduku la zamani?"

"Nilitupa. Chuma mbaya, nyeusi, ya nini?"

Fundi alitikisa kichwa. Akatoa plagi moja, akatuonyesha: ncha nyeupe kama chokaa. "Umelipatia gari pua kubwa, Afande, lakini chakula ni kilekile. Hewa inaingia nyingi, petroli haitoshi. Ndiyo maana linapiga."

"Linapiga mahali mbaya," Afande akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Linapiga getini. Kambini. Wale vijana wa geti wanadhani ni adui. Jana wamenivunjia taa ya nyuma kwa risasi. Mimi! Mkubwa wao!" Akachomoa kitambaa, akajifuta shingo. "Fundi, tengeneza. Kabla hawajajifunza kulenga."

Hapo nikaelewa jambo moja na nikalishika kama kamba: huyu mtu anamhitaji Fundi. Na mtu huyu, akitaka, anaweza kujua Juma yuko wapi.

Fundi akafunga bomba lake la valvu, akapima. Pauni ishirini na nane. Mwisho wa njia ya petroli kulikuwa na kichuma kidogo chenye skrubu na nati ya kuishikilia. Ukikaza, presha inapanda. Akalegeza nati, akakaza skrubu robo, akafunga. Gari likatulia. Afande akaondoka ameridhika, na kabla hajafika kona ya pili tukasikia pa! moja kwa mbali. Fundi akaosha mikono kwa majivu na mafuta ya taa, kama hakusikia.

Nilimfuata. "Fundi, akirudi, muulize habari za Juma. Nakuomba."

"Mimi na yule tunazungumza habari ya petroli."

"Ni neno moja tu."

"Nnyabo, hujui uzito wa neno moja. Nenda kashone."

Nililia nyuma ya kibanda. Nilimchukia. Nilikuwa nimeshasahau pilau na harusi na kila kitu kizuri.

Afande alirudi baada ya siku nne. Gari lilipiga mara chache, lakini lilipiga. Fundi akaingiza kichwa chini ya boneti, akakaza robo nyingine, akapima, akanung'unika. Na akiwa kichwa kimezama humo ndani, akasema kama anayejisemea:

"Gari hii inataka sikio zuri kuliko langu. Kulikuwa na dereva mmoja wa gari la mikate. Yule alikuwa anasikia injini kama daktari anavyosikia moyo. Sijui siku hizi yuko wapi."

Sindano yangu ilisimama kitambaani. Juma? Juma hakuweza hata kuwasha stovu ya nyumbani bila kuunguza vidole! Juma alijua kupanga mikate na kucheka na wateja.

"Anaitwa nani?" Afande akauliza.

"Wa mikate. Sisi tulimwita hivyo. Ningeweza kukumbuka jina, lakini kichwa changu sasa kiko kwenye petroli."

Afande akaondoka. Pa! kwenye kona.

Wiki ile uchochoro ulimsema sana Fundi. Mafundi wenzake walifurahi, sitaficha. "Siku hizi Fundi anatengeneza gari kama anayekuna upele," mmoja alisema. "Anakuna hapa, panawasha pale." Ssenga naye alivuka njia, mikono kiunoni. Ssenga alipokasirika l na r zilibadilishana viti mdomoni mwake.

"Fundi, utamariza rini hiyo gali? Mtengenezee aende! Akichoka atatubeba wote, wewe na mimi na huyu mtoto!"

"Robo inakwenda polepole, dada."

"Lobo, lobo! Nani arikuona ukishindwa na gali tangu uzariwe?"

Akachukua spana yake, akarudi kazini. Nami nikaanza kujiuliza, na ndiyo maswali ninayojiuliza hadi leo. Anashindwa? Anajifanya? Au amezeeka, na lile neno la mikate lilimtoka tu, kama wazee wanavyokumbuka vitu?

Mara ya tatu Afande hakucheka. Upande mmoja wa gari haukuwa na kioo cha pembeni. "Sentimita hivi," akasema akipima kwa vidole karibu na sikio lake. "Sasa sikia, muzee. Ile mtu yako ya mikate nimeuliza. Kule tuna watu wa mikate wawili. Taja jina."

Fundi akafuta mikono kidole kwa kidole. Akataja jina la kaka yangu, lote, pamoja na la baba yetu. Halafu akakaza robo.

"Na mara ya nne hapana iko," Afande akasema akiingia garini. "Ikipiga tena, wewe utalala mahali yeye analala."

Siku tatu hatukula vizuri. Ssenga alishona mfuko wa mgongoni mwa kiti, akaufumua, akaushona tena vilevile. Fundi aliendelea kuswali, kutukana boliti na kukimbia kuku. Nilimwangalia nikitafuta dalili ya hofu. Niliona tu kwamba ameacha kuongeza chai.

Siku ya nne gari lilikuja likipiga njia nzima, na kwenye kiti cha nyuma alikuwamo Juma.

Kichwa kimenyolewa. Shati si lake. Miguu mitupu. Mwili wangu ulikuwa tayari umekwisha ruka cherehani wakati Fundi aliponiita kwa ukali ambao sijawahi kuusikia: "Nnyabo! Niletee kitambaa! Kitambaa safi, haraka!" Nikaelewa. Afande hakujua kwamba huyu ni kaka yangu. Mfungwa mwenye dada na shangazi mbele yako ni mtu mwingine kabisa. Ndugu wanaweza kudaiwa pesa ya kumkomboa, naye anaweza kurudishwa kambini. Nikapeleka kitambaa. Nikasimama karibu na Juma kiasi cha kumgusa, na sikumgusa. Ssenga alikuwa ameuma kipande cha ngozi ya kiti.

"Huyu hapa daktari yako," Afande akasema. "Asikilize."

Juma aliitazama injini kama mtu anayechungulia kisima. Fundi akawasha gari. Fyuuu, pa! Juma akaruka, akajikinga kichwa kwa mikono miwili. Afande akakunja uso.

"Ndivyo anavyofanya," Fundi akasema upesi. "Sikio zuri huumia." Akamshika Juma begani, akamsogeza, akazungumza naye kama mtu anayezungumza na fundi mwenzake. "Sikiliza, kijana. Nimekwisha kaza robo tatu. Unasemaje leo? Tuongeze robo, au nusu?"

Nikasikia petroli ikipita kwenye mabomba, au damu yangu, sijui. Juma hakujua tunazungumza nini. Hakujua hata kwa nini ametolewa.

"Nusu," akasema.

Nusu! Fundi hakuwahi kumpa mtu nusu ya kitu chochote. Lakini alichukua spana, akalegeza nati, akakaza skrubu nusu mzunguko kamili, akafunga. Hakupima. Geji ilikuwa juu ya meza na haikuguswa. Akamwambia Afande, "Kanyaga."

Fyuuu. Nikakunja magoti, tayari kulala chini.

Hakuna kitu.

Akakanyaga tena, mpaka moshi ukatujaa. Fyuuu, ndefu, safi, halafu injini ikanguruma kama inavyotakiwa. Fundi akatoa plagi kwa kile kitambaa changu: ncha ya kahawia, rangi ya chai ya maziwa. Afande alipiga paja lake kwa furaha ya kitoto.

"Kweli hii mtu anasikia! Basi, baki na mtu yako, Fundi. Kule tunao wengi."

Akaondoka. Tulisimama tukisikiliza mpaka kona ya kwanza, ya pili, mpaka barabara kubwa. Hakuna pa. Ndipo Ssenga alipomwangukia Juma, na mimi nikawaangukia wote wawili, banange, jamani, tukawa lundo moja la machozi na vumbi.

Nilipoinuka kumtafuta Fundi nimbusu mikono, alikuwa anaosha mikono hiyo kwa majivu, mara ya pili, mara ya tatu. "Mtoeni hapo," akasema bila kugeuka. "Ananizibia mwanga." Siku mbili hakuzungumza na mtu. Nilishindwa kabisa kumwelewa. Mimi ningekuwa yeye ningepanda juu ya meza nikacheza.

Juma alivuka kwenda Kenya mwezi uleule, akabaki huko. Lile gari jeusi tuliendelea kuliona, likipita Kisenyi laini kama paka. Fundi hakuinua kidole lilipopita. Aligeuza uso.

Nilimwona mara ya mwisho baada ya vita, serikali ilipokwisha anguka. Vibanda vyetu viliporwa siku zile za vurugu, hata mabati yakaenda. Nikasikia kwamba Fundi anaishi Old Kampala, chumba kimoja nyuma ya duka lililofungwa. Nikapanda kilima, nina barua ya Juma ya kumsomea.

Alikuwa amekaa kitandani, mikono mapajani, na mikono ilikuwa ikitetemeka hata ikiwa imekaa. Nikamsalimu. Akainamisha kichwa upande, akasikiliza.

"Ni mtu wa viti," akasema. "Umeshafika Mombasa?"

"Nimefika Kawempe, Fundi."

Akacheka kidogo. Nikamsomea barua. Juma alikuwa na kazi, mke, na mtoto aliyekaribia kutembea. Nikaikunja, nikakusanya moyo.

"Fundi, niambie leo. Ulikuwa unajua tangu siku ya kwanza? Ulikaza robo robo makusudi, ili arudi?"

"Makusudi gani? Geji ilikuwa mbovu. Ilidanganya pauni tatu."

"Lakini siku ile hukutumia geji. Nilikuwa pale."

"Wewe ulikuwa unashona."

"Nilikuwa nimeshika kitambaa! Na kwa nini ulimuuliza Juma? Je, kama angesema robo?"

Akageuzia sikio mlangoni. Nje watoto walikuwa wakigombania mpira wa majani ya migomba.

"Angesema robo, tungekaza robo," akasema mwishowe. "Tungeona."

Sikujua kama ni mzaha. Mpaka leo sijui. Nikaona niache, nifanye nililojia. "Fundi, mimi nimekuja kukushukuru. Sisi sote…"

"Usinishukuru." Sauti ilikuwa ileile iliyoniitia kitambaa. "Unajua lile gari lilikuwa likienda wapi? Lilikuwa linachukua watu majumbani mwao. Lilipokuwa linapiga, watu walilisikia liko mbali. Walitoka kwa mlango wa nyuma, waliruka ua. Mwenye masikio aliokoka." Akanyanyua mikono yake, akaiangalia ikitetemeka. "Kisha mimi nikalinyamazisha. Miaka miwili, nnyabo, lilikwenda kimya. Wewe ulimpata kaka yako. Kuna dada wengine. Hao wakija kunipandia kilima, nitawasomea barua gani?"

Nilitaka kusema kwamba gari lingetengenezwa na mwingine. Nilitaka kusema kwamba mtoto wa Juma anakaribia kutembea. Yote mawili ni kweli na hakuna hata moja lililotoka mdomoni. Nilifurahi kwamba Juma yu hai. Nilifurahi vilevile, hata pale, na nikaona haya kufurahi mbele yake. Baadaye akajinyoosha kitandani, akageukia ukuta, akasema, "Msalimie Ssenga," na pumzi zake zikawa ndefu.

Nikatoka taratibu. Nje ya mlango palikuwa na jerikeni mbili, zote tupu. Kilimani maji ya bomba yalikuwa hayapandi tangu vita. Nikazichukua, nikashuka nazo mpaka bomba la chini, nikapanga foleni nyuma ya wanawake waliokuwa wakizozana, nikajaza ya kwanza, nikajaza ya pili, nikapanda nikipumzika kila hatua chache. Hakuwa ameamka. Nikaziweka ndani, upande ambao mkono wake ungezifikia, nikafunga vifuniko kwa vidole viwili tu, vikae vyepesi, vifunguke bila nguvu. Kisha nikauvuta mlango, nikashuka.